Fundi alisema silinda hedi imekwisha, nikaosha maji ya rejeta kwenye karai

Wakuu, salamu zenu kutoka Rwamgasa.

Kwa muda mrefu nimekuwa msomaji tu wa jukwaa hili la magari. Leo nina langu, na nitalisimulia kama lilivyotokea, pamoja na pale nilipokosea mimi mwenyewe.

Kwanza, mimi ni wa kike. Nasema mapema ili mtu asiniite kaka mpaka mwisho wa uzi.

Ni mtoto wa kwanza kwetu. Wazazi wote wawili walishatangulia, tumebaki wanne. Niliacha shule nikiwa kidato cha pili, nikashika usukani wa pickup ya dizeli aliyoiacha baba. Nabeba viroba vya mawe kutoka kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wa dhahabu, napeleka kwenye karasha yanakosagwa. Wadogo zangu watatu wanasoma kwa kazi ya gari hilo. Hatuna shamba la maana wala ng'ombe.

Sasa likaanza kuchemsha.

Mwanzo ilikuwa kwenye kilima tu, tena likiwa na mzigo. Mshale wa joto unapanda, nasimama, nasubiri lipoe, naendelea. Baada ya wiki kadhaa likawa linachemsha hata tambarare.

Nilibadilisha mfuniko wa rejeta. Likatulia siku mbili, ya tatu likarudia.

Nikaangalia feni, inazunguka vizuri. Mkanda umekaza.

Fundi mmoja akaitoa thermostat, ile valvu inayofungulia maji ya moto yaende kwenye rejeta, akasema huku kwetu ni joto, haina kazi. Ndiyo kwanza likazidi. Baadaye nilisoma humu humu kwamba kwenye baadhi ya injini ukiitoa, maji ya moto yanapita njia ya mkato na kurudi kwenye injini bila kufika kwenye rejeta. Sikulijua hilo wakati ule. Nilikuwa nashangaa tu kwa nini dawa inaongeza ugonjwa.

Jumanne moja, nikiwa na viroba nyuma, mshale ukagusa nyekundu. Nikazima injini pale pale barabarani. Nadhani uamuzi huo ndio ulioniokoa.

Tukavutwa hadi kwa Fundi Shija, ambaye hapa kwetu ndiye anaaminika kwa injini za dizeli. Lilipopoa akafungua mfuniko wa rejeta, akaingiza kidole. Kikatoka na uji wa kijivu, unateleza.

Akaniuliza mwenye gari yuko wapi.

Nikamwambia unaongea naye.

Akaniangalia kidogo, kisha akaomba namba ya mwanaume wa kwetu. Sikubishana naye, nikampa ya baba mdogo, anayekaa Runzewe. Akampigia mbele yangu, akamweleza kwamba maji yamechanganyika na oili, gasket inayoziba chini ya silinda hedi imekata, hedi yenyewe, kile kifuniko cha juu cha injini, imepinda, na injini ile kuifungua ni kujitafutia hasara.

Baba mdogo ndiye msimamizi wa mirathi na kadi ya gari anaitunza yeye. Si mtu mbaya, wakuu, naomba mnielewe. Hofu yake ilikuwa kwamba nitalitibu gari mpaka tukose gari na tukose kila kitu. Jioni hiyo hiyo akanipigia. Alikuwa ameshampata mnunuzi wa vyuma chakavu wa Segese.

"Minza, gari limekufa, mwanangu. Hata marehemu angekubali."

"Baba mdogo, nipe mpaka Jumamosi."

"Jumamosi ndiyo anakuja kulichukua."

"Basi nipe mpaka atakapofika."

Akacheka bila kutaka, akakata simu.

Jumatano asubuhi, gari likiwa limeshavutwa hadi nyumbani, nikakaa nalo kama mtu anayemuuguza ndugu. Kuna kitu kilikuwa hakiniingii akilini.

Nilikuwa nimesoma humu kwamba gasket ikikata, mara nyingi maji yanaingia kwenye oili na oili inakuwa kama chai ya maziwa. Nikachomoa kijiti cha kupimia. Oili nyeusi, ya kawaida kabisa. Nikawasha injini ikiwa baridi na mfuniko ukiwa wazi. Hakuna mapovu. Moshi mweupe pia hakuna.

Sasa ule uji ni nini?

Nikafikiria sufuria. Ukiosha sufuria yenye mafuta, mafuta yanaelea juu. Kama mle ndani kuna oili, itapanda tu yenyewe.

Nikachota maji ya rejeta, nikajaza chupa ya plastiki, nikaiweka kando ya ukuta, nikaenda kufua. Mchana narudi, juu kuna maji yaliyotulia bila hata utando wa mafuta. Chini kumelala tope laini, zito, rangi ya majivu.

Tope hilo nilikuwa nalijua, ila nilitaka mtu mwingine alitaje. Huku kwetu ukitaka kujua udongo una nini, unauosha. Nikatoa ndoo nzima kutoka kwenye rejeta, nikachukua karai, nikaenda kwa Mama Happy, jirani yangu anayeosha mchanga karashani miaka yote.

Nikamwamkia, nikamwomba aniangalizie sampo, yaani udongo wa kupima. Hakuuliza. Akalizungusha karai, akamwaga maji taratibu, akazungusha tena. Ukionekana na karai jipya hapa, watu hawakosi. Wakawa wanne, wakawa saba.

Akasugua lile tope kati ya vidole.

"Haya ni marudio. Umeyatoa duara gani?"

Kwa msiojua, marudio ni tope linalobaki mawe yakishasagwa na kuoshwa.

"Nimeyatoa kwenye rejeta."

Wote wakainama kuliangalia karai. Kisha mzee mmoja akauliza kwa upole kabisa kama dhahabu ipo. Mama Happy akamjibu haipo. Yule mzee akasema hata hivyo siku nikifungua rejeta lenyewe nimwite.

Walicheka sana. Mimi nilikuwa nimeshaelewa, na sikuwa na la kucheka.

Wakuu, hapa ndipo kosa langu lilipo.

Maji safi kwetu ni ya taabu, kisima kiko mbali. Kwa hiyo mimi, kwa mdomo wangu, niliweka sheria nyumbani: maji ya kisima ni ya kunywa na kupikia, gari litakunywa ya karasha. Yale ya kwenye mashimo ya kuoshea mchanga. Madereva wengi hapa tunafanya hivyo. Ukiyaangalia asubuhi yakiwa yametulia, unaona ni maji tu.

Na kwa nini nilikuwa naongeza kila asubuhi? Kwa sababu mpira wa chini wa rejeta ulikuwa unadondosha. Tone tone. Niliona, nikasema gari la zamani lina mambo yake. Zaidi ya mwaka mzima, kila siku nilikuwa naingiza unga wa mawe ndani ya rejeta kidogo kidogo.

Nilitaka uhakika zaidi. Nikajaza maji ya kisima, nikawasha mpaka injini ikapata moto, nikazima, nikanyunyizia rejeta maji kwa mkono. Upande mmoja ulikauka mara moja kama kikaango. Upande wa pili maji yakabaki yanateremka. Nikagusa: baridi. Maji ya moto yalikuwa hayapiti huko kabisa. Karibu nusu ya rejeta ilikuwa imeziba. (Kabla ya kupeleka mkono huko zimeni injini kwanza, feni haijui mkono wa mtu.)

Nikampelekea Fundi Shija ile chupa. Akaigeuza, akaangalia tope linavyoshuka, akaniambia alidhani ni oili, rangi ni ile ile. Akaongeza, "Basi tulifungue hilo rejeta, bosi." Hiyo "bosi" nimeihifadhi.

Alhamisi tukalipeleka rejeta Katoro kwa fundi wa rejeta. Akafumua lehemu, akatoa kopo la juu, akapitisha fito nyembamba kwenye kila kijibomba. Kilichotoka ungeweza kufinyangia chungu. Ijumaa Shija akasafisha njia za maji za injini mpaka yakatoka meupe, akafunga mpira mpya na thermostat mpya. Nikajaza coolant, maji maalumu ya kupozea injini.

Jumamosi asubuhi baba mdogo akashuka kwenye basi na mkoba wake wa makaratasi. Nikamwamkia, nikamweleza yote, nikamwonyesha chupa. Aliisikiliza hadithi hadi mwisho, akasema maneno mawili.

"Pakia mzigo."

Tukapakia viroba kama siku zote. Akakaa mbele nami, tukaelekea kwenye kilima kile kile lilikokuwa linachemsha. Nina hakika hakuona barabara hata mara moja. Macho yake yalikuwa kwenye mshale. Tulipofika kileleni ulikuwa katikati, umetulia. Akagonga kioo cha geji kwa kucha kuona kama haujakwama.

Simu yake ikaita. Alikuwa yule mnunuzi, kafika nyumbani, anauliza gari liko wapi.

Baba mdogo akaniangalia, akasema kwenye simu:

"Gari halipo. Liko kazini."

Akakata, akaniambia nisisimame, mzigo wa watu usichelewe.

Ni miezi mitano sasa, halijachemsha tena.

Nililojifunza ni kwamba gari kupungua maji si tabia yake, ni dalili. Tafuta yanakotoka kabla hujaongeza mengine. Na fundi akikuambia ni oili, weka kwenye chupa usubiri nusu siku. Haidhuru kitu.

Sasa nina swali kwa mnaojua. Rejeta lililopitishwa fito hudumu muda gani, au nianze kujipanga kwa jipya? Na wenzangu wa Geita, Msalala na Bukombe, semeni ukweli: gari lako linakunywa maji ya wapi?