Sweta la Mkwe wa Viatu Vikubwa

Kwa miaka mitatu Mama Laurentine alimjua mkwewe kwa viatu tu. Vilikuwa viatu vyeusi vya ngozi nene, vikubwa mno, pua zake zimeinuka juu kama za watu wanaonusa chakula cha jirani. Kila asubuhi vilipita mbele ya mlango wake, krap, krap, kuelekea karakana ya reli, na jioni vilirudi vikijikokota. Juu ya viatu palikuwa na suruali, na suruali ilipanda mpaka magotini. Zaidi ya hapo Mama Laurentine hakuwahi kuona kitu.

Wazazi wake walitoka kaskazini ya Katanga, na kwa watu wa kwao mama hamtazami mume wa binti yake, wala mume huyo hamtazami mama. Jambo hilo wanaliita buko, na ni heshima, si ugomvi. Kijijini heshima hiyo ilikuwa nyepesi kubeba, maana njia zilikuwa nyingi na majani yalikuwa marefu. Lakini hapa Makomeno, kambi ya wafanyakazi wa reli, nyumba zilisimama kwa mstari kama mabehewa, bomba la maji lilikuwa moja kwa mtaa mzima, na wakubwa wa kazi, ambao hawakuwahi kuuliza mtu habari za ukoo wake, walimpa Constantin nyumba inayotazamana na ya mama mkwe, mlango kwa mlango.

Basi Mama Laurentine akawa mtu wa kujificha. Alijificha nyuma ya nguo zilizoanikwa, alijificha ndani ya banda la kuku, na siku moja kule bombani, aliposikia krap, krap, alijivika ndoo kichwani upesi, akiwa amesahau kwamba alikuwa ameshaijaza. Constantin naye hakuwa na nafuu. Mara kadhaa aligeuza uso kwa adabu akiwa juu ya baiskeli, na kila mara mtaro ulimpokea. Hata siku ya arusi Mama Laurentine alikuwa amejifunika kitambaa tangu asubuhi. Alichokumbuka cha sherehe ile ni miguu ya viti.

Mambo yangeendelea hivyo mpaka uzee kama Brigitte, binti yake, asingepata mimba. Tumbo lilipoanza kuonekana, usingizi wa mama ukapungua. Mjukuu wake wa kwanza atalia ng'ambo ya barabara, naye bibi atabaki mlangoni akisikiliza, kwa sababu baba mtoto yumo ndani.

"Baba Brigitte," alimwambia mumewe Alphonse, "mi siwezi kumuona mutoto mu dirisha kama muntu anauza mukate."

Alphonse, ambaye maneno yake yalikuwa haba kama mvua ya Julai, alituma habari Kambove kwa dada yake mkubwa, Numbi, anayejua mambo ya ukoo. Numbi alijibu kwamba buko linaweza kufunguliwa. Mama mkwe atengeneze kitu kwa mikono yake mwenyewe, mkwe akivae au akikalie mbele ya watu, na aibu itakuwa imefunikwa. Ila binti asitie mkono wala mdomo katika kazi hiyo. Kitu kikipita kwake, kitakuwa zawadi ya mke, na buko litabaki palepale.

Zamani mama wakwe walisuka mikeka. Mama Laurentine alizaliwa kambini, baba yake akichimba shaba kule Kambove. Matete aliyaona kwa mbali tu. Kazi moja ya mikono aliyoijua ni kufuma kwa sufu, aliyojifunza kwa masista wa parokia, na hiyo pia hakuijua mpaka mwisho. Namna ya kumaliza ilikuwa haijamwingia, kwa hiyo skafu ya Alphonse ilikwisha siku sufu ilipokwisha. Mzee wa watu aliizungusha shingoni, akaizungusha kiunoni, na kilichobaki alifungia mzigo kwenye baiskeli.

"Safari hii nafuma tricot," alitangaza. "Ya mikono miwili na shingo."

Alphonse aliigusa skafu yake shingoni. Kisha akatoka kwenda kumnolea sindano mpya kwa vyuma vya gurudumu la baiskeli.

Darasa lilikuwa alasiri, katika chumba cha kushonea nyuma ya kanisa, na mwalimu wake alikuwa Ma Sœur Godelieve, mwanamke mrefu mwenye subira nyingi ambayo ilikuwa bado haijakutana na Mama Laurentine. Alimfundisha ukingo unaovutika, vitanzi viwili mbele na viwili nyuma. Alimfundisha kuongeza vitanzi ili kifua kipanuke, kuvipunguza ili bega liiname, na kuvifunga mwishoni visifumuke. Mama Laurentine alishika maneno hayo kama sala. Alifuma njiani, alifuma akingoja ugali uive, akinong'ona, "Mbili mbele, mbili nyuma, utuombee." Jumapili moja padri aliponyanyua mikono na kuwatakia waumini amani, sauti moja ya kike ilijibu ikasikika kanisa zima, "Na punguza moja!"

"Sasa, Laurentine," alisema Ma Sœur, "unieleze kipimo ya bwana huyu. Kifua yake, mabega yake."

"Sijui, Ma Sœur. Sijamuona."

"Anakaa mbali?"

"Hapana. Mbele ya mulango yangu."

"Tangu lini?"

"Tangu miaka tatu."

Ma Sœur Godelieve aliweka sindano mezani, akautazama msalaba ukutani kama mtu anayeuliza nani alimtuma huku.

Kumuuliza Brigitte ilikuwa mwiko. Kumuuliza Alphonse ilikuwa kazi bure.

"Baba Brigitte, Constantin iko namna gani?"

"Iko muntu."

"Najua iko muntu! Iko mukubwa? Iko mudogo?"

Alphonse alifikiri. "Kama bantu," alisema, akarudia sahani yake.

Alibaki jirani, Angélique Mwaba, mwanamke wa kabila la Wabemba mwenye ulimi mwepesi. Koo zao zilikuwa na utani wa tangu enzi za mababu, na mtani ana ruhusa ya kukuuzia mbuzi aliyekwisha kuliwa. Mama Laurentine alijua hilo vizuri. Lakini aliyezama hachagui kamba.

"Angélique, weye unamuonaka kila siku. Sema kweli. Iko murefu?"

Angélique alishika kiuno. "Ule muntu? Ayi, Mama Brigitte! Akisimama, jua inamuomba ruhusa ya kupita."

"Usinicheke."

"Nikucheke kwa nini? Angalia mwenyewe mu bulongo."

Ilikuwa majira ya baridi, vumbi limelala barabarani laini kama unga, na nyayo za Constantin zilikuwa zimepigwa pale wazi. Wanawake wawili waliinama juu ya wayo mmoja. Mama Laurentine aliupima kwa ujani, akauweka ule ujani juu ya mkono wake, ukamfika karibu na kiwiko. Akakumbuka na sauti. Kila Jumapili, nyuma yake katika kwaya, sauti ya Constantin ilinguruma nzito kama treni ya madini, hata benchi likatetemeka. Mguu ule na sauti ile havingeweza kukaa katika mwili mdogo.

"Kweli," alinong'ona. "Mutoto yangu aliolewa na mulima."

Angélique alikohoa sana, akaingia ndani kwake upesi.

Sweta lilikua. Sufu nyekundu ilipokwisha tumboni aliunga ya kijani, na ya kijani ilipokwisha aliunga ya kahawia. Kila alipodhani kifua kimetosha alikumbuka wayo, akaongeza. Sehemu moja tu alijizuia, nayo ni shingo. Baridi ya Juni huingilia shingoni, na kwa kuwa kupunguza vitanzi ndiyo elimu yake mpya, alipunguza kwa furaha yote, kitanzi baada ya kitanzi, mpaka shingo ikakaza vizuri. Ma Sœur alipolitandaza sweta mezani, mikono ilining'inia sakafuni pande zote mbili.

"Una hakika, Laurentine?"

"Ma Sœur, ungeona miguu!"

Siku ikawekwa, Jumapili baada ya misa. Numbi alikuja na treni kutoka Kambove, mwanamke mnene mwenye fimbo ambayo hakuitembelea bali aliielekezea watu. Mtaa mzima ulikusanyika barabarani, kati ya nyumba mbili. Brigitte aliketishwa pembeni na tumbo lake. Mama Laurentine alikaa kwenye kiti kidogo, amejifunika kitambaa, mgongo kwa watu na uso kwa banda la kuku. Alimsikia Alphonse akipita na sweta. Alisikia krap, krap ya viatu vikikaribia.

"Anavaa!" alisema Numbi.

Kisha mtu mmoja akacheka kwa puani. Mwingine akadakia. Halafu mtaa wote ukalipuka.

"Kuko nini?" aliuliza Mama Laurentine bila kugeuka. "Angélique! Kuko nini?"

Angélique alikuwa amekaa chini, machozi yanamtoka. "Mulima," alisema, "mulima imeingia mu nyumba!"

Kwa maana Constantin alikuwa mtu mfupi, tena mwembamba. Alikuwa ameingia katika sweta kama mtu anavyoingia hemani, na sasa alizunguka humo akitafuta mlango. Pindo lilimpita magoti. Mikono ilipigapiga hewani mitupu. Na kichwa kilikuwa kimekwama chini ya ile shingo nzuri iliyopunguzwa kwa furaha yote.

"Niko wapi?" ilinguruma sauti nzito kutoka ndani ya sufu. "Bamama, niko wapi?"

"Kushoto!" walipiga kelele hawa.

"Kuume!" walipiga kelele wale.

Alitii wote. Aligonga baiskeli, akaomba msamaha kwa baiskeli, akaingia katikati ya kuku, kuku wakaruka juu, kisha akageuka na kwenda moja kwa moja kule alikokaa mama mkwe.

"Leteni makasi!" alipaza Angélique. "Atakosa pumzi!"

Alphonse akaleta makasi.

Neno hilo, makasi, lilimpenya Mama Laurentine kama sindano. Mwenye kufuma anajua: kata kitanzi kimoja, na vyote hufuatana. Sweta likifumuka mwilini mwa mkwe mbele ya watu, aibu haitafunikwa, itavuliwa nguo. Na mtoto atalia ng'ambo ya barabara.

"Musikate!" alipiga kelele, akageuka, kitambaa kikamdondoka. "Wacha! Miye najua nafasi ya kufungua!"

Alilirukia lile sweta linalotembea, akaishika shingo kwa mikono miwili, akatafuta kwa vidole ule ukingo unaovutika, mbili mbele, mbili nyuma, akaupanua kwa nguvu zote za darasani, akavuta chini. Kichwa kikachomoka, po!, kama kizibo cha chupa.

Wakawa wamesimama uso kwa uso, kiasi cha kugusana pua.

Mama Laurentine aliona kichwa kidogo cha mviringo, jasho, masikio yaliyosimama, uzi wa kijani juu ya kope. Macho ya Constantin yalikuwa yamefumbwa kwa nguvu mpaka uso mzima umekunjamana.

"Mama," alisema kwa ile sauti nzito, "siko naona kitu. Nimefunga macho."

"Fungua, mutoto yangu," alijibu Mama Laurentine. "Miye nimeisha kuona."

Wote wakamgeukia Numbi. Numbi alizunguka sweta taratibu, mbele na nyuma, akalinyanyua pindo kwa fimbo, akaliachia.

"Amevaa ao hakuvaa?" aliuliza.

"Amevaa!"

"Mbele ya bantu?"

"Mbele ya bantu!"

"Basi aibu imefunikwa." Akatazama tena. "Naona imefunikwa mpaka ku miguu."

Vigelegele vikapanda. Constantin alifungua jicho moja, halafu la pili. Mama Laurentine, katikati ya kelele, hakuacha kumtazama, kuanzia juu mpaka chini na kutoka chini mpaka juu, na hesabu ilikuwa haimwingii.

"Lakini miguu ile?" aliuliza. "Viatu vile?"

Constantin aliona haya. Aliinama, akavua kiatu kimoja, akachomoa gazeti. Akachomoa lingine. Gazeti la tatu lilikuwa limekuwa kama uji. Ule mguu uliotoka baada ya hapo ungeweza kuwa wa mtoto wa kipaimara.

"Mama, nilijua hauonaka kitu ingine kwangu," alisema. "Viatu tu. Ndio nikatafuta bikubwa, useme mukwe yako iko muntu wa maana."

Mama Laurentine alifungua mdomo ajibu, lakini kilichotoka ni kicheko, na kilimtoka kwa muda mrefu, kwa ile miaka yote ya banda la kuku.

Sweta halikukatwa. Jioni za wiki zilizofuata, viti viwili vilikaa mbele ya mlango wa Brigitte. Mama Laurentine alifumua pindo na kuviringisha uzi, na Constantin aliketi mbele yake, mikono ameinyoosha, sufu imezungushwa viganjani, hawezi hata kujikuna pua. Walikuwa na miaka mitatu ya salamu za kulipana. Mara nyingine walitazamana tu, kisha wakacheka kama watoto walioiba karanga. Katika mlima ule wa sufu Mama Laurentine alipata sweta la Constantin, la kumkaa sawasawa, akapata na shali ya Brigitte. Viatu vikubwa alirithi Alphonse, na vilimtosha bila gazeti.

Mtoto alizaliwa baridi ikiwa bado haijakwisha, msichana. Siku waliporudi naye kutoka hospitali, Mama Laurentine alivuka barabara mchana kweupe, kichwa juu, ameshika kisweta chekundu chenye mikono ya kijani. Shingo yake aliiacha wazi, na kifungo begani, mtindo aliomwomba Ma Sœur amfundishe kabla ya mengine yote.

Constantin alimwekea mtoto mikononi. Mama Laurentine aliketi, akakunjua nguo, akatazama kwanza miguu, kwa mazoea. Akaishika mmoja mmoja. Halafu, polepole, akapandisha macho mpaka usoni.