Sketi Isiyo na Shanga

Juzi mjukuu wangu aliniletea sketi mbili za shanga nimchagulie ya kuvaa kwenye sendofu yake hapa Nangwa. Za kukodi, dukani wanaziita za asili. "Shikamoo bibi. Ipi inanifaa?" Nikamwuliza, hii mara ya mwisho ilivaliwa kwenye shughuli gani? Akacheka. "Bibi, dukani hawaulizwi hivyo." Wasiwasi ukaniingia pale pale. Ngoja nikueleze, ndugu yangu, na nikipotea njiani univumilie, shule niliionja tu.

Nimekulia Tumati, kwenye baridi ya kukamulia ng'ombe ukiwa umejifunga blanketi. Bibi yangu, mama yake baba, alikuwa na sketi za ngozi. Ya shambani ilikuwa chakavu, inanuka maziwa. Ya sherehe ilijaa shanga, akipita unasikia kama mvua inaanza kwenye majani ya mahindi. Alikuwa anazipaka samli zote, na samli yetu ilikuwa samli, si hii ya siku hizi, sijui wanachanganya nini. Ila nyumba ikifiwa, shanga zilikatwa, na watu wake walikaa kwao. Hawakuingia boma la mtu mpaka muda wao uishe, maana waliaminika kubeba kifo mlangoni. Hata moto hukuazima kwao.

Sasa akaja mama mmoja kutoka mbali kumposa shangazi yangu kwa ajili ya mwanawe. Shangazi alimpenda yule kijana, kila mtu alijua, alikuwa anafagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Bibi akachota pombe kwa kibuyu, akasimama nacho, hakumpa mgeni. Alikuwa anaangalia pindo la mgeni.

"Mama, shanga zako zimekwenda wapi?"

"Panya, mama. Wamekula uzi."

"Panya wa kwenu wana adabu. Wamekula uzi, ngozi yenye samli wakaiacha."

Mgeni akafunika magoti kwa blanketi. Bibi akainama, akashika ncha za uzi. Zilikuwa zimekatwa kwa kisu. "Nani amekufa kwenu?" Mama yule akasema ni mkwewe, na kwamba waliogopa wakisubiri, watu wa Masakta watawahi kuposa. Bibi akaimwaga pombe yote chini, akamwambia aende.

Shangazi hakula. Msimu mzima anaangalia njia, na bibi anamwangalia yeye. Watu wa Masakta walikuja kweli; shangazi akasema anaumwa tumbo. Baada ya mavuno mama yule akarudi, shanga zinalia tangu kwenye mteremko. Bibi hakuamini sauti. Alimzunguka, akavuta uzi mmoja mmoja, shangazi amesimama mlangoni hapumui, ndipo akasema, "Haya, mama, kaa unywe."

Basi siku ya sendofu nikamwangalia mama mkwe wa mjukuu wangu. Kitenge cha sare, kama cha kila mtu ukumbini, hakina shanga za kuniambia kitu. Nikamwuliza, kwenu wote wazima? Akasema wazima, bibi, akatabasamu sana. Nikashika pindo la sketi ya mjukuu, nikavuta uzi, ukawa wa nailoni, imara. Nikainusa. Ilinukia sabuni ya unga tu.

Wakaniletea soda. Nilikaa nayo mkononi mpaka ikaisha gesi.