Mwenye Bei Hayupo Hapa

Baada ya kuzunguka Ruangwa bila kazi ya kudumu, nilifika Mkotokuyana kuvuna ufuta kwa mama mmoja mjane. Siku ya mnada tulikaa nje ya ghala. Wanunuzi hatukuwaona, bei zao zilisomwa kutoka kwenye kompyuta. Watu wakaguna. Walipoulizwa kama wanakubali, walinyoosha mikono, mama naye akanyoosha wake. Magunia yalikuwa yameshaingia ghalani, na watoto walikuwa wanasubiri sare za shule.

Hapo mgombea mmoja akashika kipaza sauti. "Wageni ndio wanaowanyonya! Nikipita, wataondoka!"

Watu wakashangilia, na mama akapiga vigelegele kuliko wote. Nami, mzaliwa wa mbali, nikatazama chini. Ng'ambo ya barabara, mwenye duka aliyetoka kaskazini akaanza kufunga milango yake.

Njiani nikamuuliza, "Mama, nifunge begi langu?"

"Wewe mgeni gani? Mgeni anamaliza ugali wa watu namna ile?"

"Na yule wa dukani?"

Akapunguza mwendo. Masika, akiba ilipoisha, ni yule mwenye duka aliyempa mama unga bila kumuuliza atalipa lini.

"Sasa ulitaka nani aondoke?"

"Anayepanga bei," akasema. "Lakini huyo hata sura yake siijui. Ningemzomea wapi?"

Akageuka ghafla, akarudi tulikotoka. Nilimkuta mlangoni pa duka lile akiagiza sabuni, kwa sauti ya kusikika mpaka ghalani.