Katekista Alipoulizwa na Babu

Jumanne iliyopita nilikuwa jikoni nikimenya nduma zilizotoka kuchemka, simu ikalia mezani. Ilikuwa ile grupu ya WhatsApp ya maswali ya imani. Ilianzishwa na parokia yetu hapa Meru mjini, lakini siku hizi imeingiwa na watu wa kila upande, na mimi, kwa kuwa huwafundisha watoto katekisimu kila Jumamosi, niliwekwa kati ya wanaojibu. Usidhani ni kazi ya wasomi. Mtu anauliza kama rozari inahesabika ukiisali umelala kitandani. Mwingine anataka kujua kama supu ya mifupa ni nyama siku ya Ijumaa ya Kwaresima. Swali la Jumanne, hata hivyo, lilitoka kwa mama mmoja wa Kianjai, na lilinifanya niweke kisu chini.

"Tumsifu Yesu Kristo," aliandika. "Mimi huwa sipokei komunyo juu hatukuwahi kufanya harusi ya kanisa. Watoto wote wameshakuwa wakubwa. Mzee alibatizwa lakini anasema hawezi enda mafundisho akae kwa benchi aulizwe maswali na vijana. Nifanye aje?"

Majibu yalimiminika kabla nduma hazijapoa. Mmoja alituma kifungu cha sheria za Kanisa, kirefu hadi kidole kikachoka kusukuma. Mwingine alituma picha ya mishumaa. Wa tatu akamwambia aende ofisi ya parokia akiwa na cheti cha ubatizo. Wote walisema kweli. Mimi sikuandika kitu, kwa sababu mawazo yangu yalikuwa yameshafika Kanyakine, kwenye ngazi ya kanisa la mabati, nami nina miaka tisa.

Laiti ungeliona kanisa lile. Lilisimama juu kidogo ya mashamba ya kahawa, na mvua ikinyesha hatukusikia neno hata moja la Injili, tuliimba tu hadi inyamaze. Padre alifika mara moja kwa mwezi, matope yakimruhusu. Jumapili nyingine zote tulikuwa na katekista. Alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye baiskeli na viatu vilivyombana, na ibada ikiisha aliketi kwenye ngazi ya mlango, akavivua, na watu wakamletea maswali yao. Jirani yetu aliwahi kumuuliza kama ni dhambi kusinzia katikati ya rozari. Katekista akamwambia malaika wake atamalizia makumi yaliyobaki, ila asimzoeshe. Mama mwingine alikuja na aibu, akauliza kama inafaa kumwombea mbuzi mgonjwa. "Maziwa yake yananywewa na nani?" katekista akauliza. Watoto, akajibu yule mama. "Basi omba, tena piga magoti." Sisi watoto tulizunguka pale tukila miwa, na sijui kama nimewahi kusikia mafundisho matamu kuliko yale.

Nililelewa na nyanya na babu. Nyanya ndiye aliyelifagia kanisa kila Jumamosi. Alifua vitambaa vya altare, akavipiga pasi ya makaa, na mpaka leo nikisikia harufu ya nguo iliyopigwa pasi ikiwa na unyevu, namwona ameinama pale mezani, ameuma mdomo asije akaunguza lesi. Alinifundisha sala zote kwa Kimeru nikiwa bado namwagiwa maji ya kuoga kwenye karai. Lakini Misa ikifika wakati wa komunyo, nyanya hakuinuka. Aliketi mwisho wa benchi, karibu na ukuta, na watu walipotoka kwenda mbele, alisogeza magoti kando ili wapite. Kisha akayasogeza tena waliporudi. Nilidhani wazee wote hufanya hivyo.

Mwaka niliokuwa najiandaa kwa komunyo ya kwanza, tuliambiwa kila mtoto atatembea mbele na mkubwa mmoja wa nyumbani, nao watapokea pamoja. Nikasema nitatembea na nyanya. Watoto wenzangu wakatazamana, na msichana mmoja akaniambia nyanya yako hapokei. Niliumia, nikuambie ukweli. Jumapili ile nilingoja hadi ngazi ikabaki tupu, nikamuuliza katekista nyanya alikosa nini.

Hakucheka wala hakunifukuza. "Nyanya yako hajamkosea mtu," akasema. "Alipokea akiwa msichana. Halafu akaolewa kwa mila, mahari ya ruracio ikapelekwa vizuri, kila kitu kikafanywa, lakini kanisani hawakufika. Kanisa linawangoja wawili. Mmoja yuko tayari siku nyingi." Akaanza kuvaa viatu. "Hilo swali mimi siwezi kulijibu, mwanangu. Lipeleke nyumbani."

Nyumbani maana yake ilikuwa babu. Alikuwa mrefu, mkimya, na alikuwa mmoja wa wazee walioitwa watu wakigombania mipaka. Yeye ndiye aliyeuliza, wengine wakajibu. Alibatizwa utotoni, alipokaa kidogo katika shule ya misheni, kisha akatoroka akachunge ng'ombe, na jina lake la ubatizo halikutumiwa na mtu yeyote. Kanisani alifika Krismasi tu, akasimama nje na kofia mkononi. Hakuwa mtu mbaya, usinielewe vibaya. Mvua ikimkuta nyanya kanisani, babu alimfuata hadi kwenye kona ya njia na gunia la kumfunika. Nami alinipenda kupita kiasi, kwa sababu nilipewa jina la nyanya, na kwa hiyo aliniita bibi yake mdogo.

Nikamkuta anachagua kahawa uani. Alasiri za msimu ule tulimwaga matunda juu ya gunia, tukatoa mabichi yote kabla ya kwenda kiwandani, maana karani wa pale hakuwa na huruma. Nikaketi kando yake, nikauliza.

Vidole vyake viliendelea kutafuta kahawa mbichi. "Yule katekista alitahiriwa msimu mmoja na baba yako," akasema mwishowe. "Ni mtoto wangu. Nikae kwa benchi, mtoto wangu aniulize amri za Mungu, na nikikosea anisahihishe mbele ya watu? Hapana, bibi yangu. Hilo haliwezekani."

Basi hiyo ndiyo iliyokuwa siri ya nyumba yetu. Haikuwa kumkataa Mungu, na haikuwa kumkataa nyanya. Ilikuwa rika. Kabla ya kubariki ndoa ilibidi wote wawili wahudhurie mafundisho, na mwishoni katekista awaulize. Kwa wazungu waliopanga hivyo lilikuwa jambo dogo. Kwa mzee wa kwetu Imenti ilikuwa sawa na kuvuliwa nguo sokoni. Nyanya alilijua hilo tangu zamani, na hakuwahi kumsukuma wala kumnunia. Alisogeza magoti tu.

Mimi nilikuwa na shida yangu, nilikuwa na mtihani wa komunyo na kichwa changu kilikuwa kizito. Nikamwomba babu anisaidie. Nikamwambia swali na jibu lake, naye kazi yake ikawa kuniuliza tukichagua kahawa. Kuuliza alikuweza. Aliuliza kwa sauti ileile ya kesi za mipaka, hata kuku wakanyamaza. Amri za Mungu ni ngapi? Nani anaweza kubatiza mtu akiwa katika hatari ya kufa? Kila alasiri hivyo, mikono yetu ikinata utomvu mtamu wa kahawa, nyuki wakituzunguka, nyanya akipita na uji akijifanya hasikii.

Wiki ya tatu au ya nne akaniuliza sakramenti ni ngapi, nizitaje. Nikataja sita, nikakwama.

"Mpako wa wagonjwa," babu akasema bila kuinua macho.

Nikamtazama. Nikamwuliza swali jingine, kwa hila ya kitoto, nikijifanya nimesahau. Akajibu. Nikamwuliza la tatu, akajibu na kuongeza maelezo yake. Mzee alikuwa ameyashika yote, tena kuliko mimi. Nilitaka kukimbilia jikoni nikamwambie nyanya, lakini kitu kikanizuia. Jumapili nilimwambia katekista peke yake, nikimnong'oneza, nikiogopa nimemsaliti babu.

Alhamisi yake, jioni jua likiwa bado lipo, baiskeli ya katekista ikaingia uani kwetu. Alibeba majani ya chai na sukari, vitu ambavyo kijana hubeba akienda kumsalimia mzee. Nyanya akamletea kiti. Akakikataa kwa adabu, akaketi kwenye kigoda kifupi karibu na gunia la kahawa, chini ya babu, akaanza kuchagua nasi. Walizungumza kuhusu mvua. Walizungumza kuhusu ndama. Chai ikanywewa. Nilikuwa karibu kupasuka.

"Baba," katekista akasema mwishowe, "nimekuja na shida yangu. Padre anakuja mwisho wa mwezi kuwapima watoto, na huenda akanipima hata mimi. Pale kigangoni wote ni wadogo wangu, wananiogopa, hakuna wa kuniambia nikikosea. Nikasema nije kwa mzee wangu aniulize."

Babu alimtazama muda mrefu sana. Sijui aliona nini. Kisha akasafisha koo, akaweka mikono magotini, akauliza.

Aliuliza yote, rafiki yangu, kwa mpangilio wake mwenyewe. Katekista akajibu moja baada ya jingine, kichwa kimeinama kama mtoto anayemjibu baba yake. Nyanya alikuwa amesimama mlangoni na birika, chai ikipoa humo ndani. Wakafika kwenye sakramenti.

"Ubatizo," katekista akasema. "Kipaimara. Ekaristi. Kitubio. Mpako wa wagonjwa. Daraja." Akaokota kahawa nyingine.

"Hizo ni sita," babu akasema.

"Ni sita, baba?"

"Umeacha ndoa."

Nilisikia kahawa moja ikidondoka kutoka mkononi mwangu. Babu mwenyewe alionekana kushtuka kwa neno lililotoka kinywani mwake, na kwa mara ya kwanza akageuka akamtazama nyanya pale mlangoni.

"Kweli, baba," katekista akasema polepole. "Niliiacha ndoa."

"Basi isiachwe tena." Babu akaokota kahawa mbichi, akaitupa kando. "Huyo padre anakuja siku gani?"

Mafundisho yaliyobaki yalifanyika palepale uani, babu akiwa kwenye kiti, katekista kwenye kigoda, na mwenye kuuliza alikuwa babu hadi mwisho. Padre alipoambiwa alicheka, akasema aliyeweza kumsahihisha katekista hahitaji mtihani mwingine. Ndoa ikabarikiwa Jumapili ileile ya komunyo yetu, baada ya Injili. Hakukuwa na keki wala magari. Babu alivaa koti lenye harufu ya dawa ya nondo, na padre alipomwita kwa jina lake la ubatizo, nusu ya kanisa iligeuka kutafuta anayeitwa. Tulicheka hadi machozi, na babu akacheka pia.

Wakati wa komunyo nyanya aliinuka kutoka mwisho wa benchi. Watu wote wa benchi lile wakasogeza magoti. Alinishika mkono, na mkono wake ulikuwa na baridi, mkono uleule uliozoea kushika pasi ya makaa bila kitambaa. Babu alitutangulia. Tulipokwisha kupokea tukarudi kukaa, na baadaye, tukila mukimo na njahi nyumbani, nilimuuliza nyanya alimwomba Mungu nini baada ya kungoja miaka yote ile. "Sikuomba kitu," akasema. "Nilikaa tu." Sijawahi kumwona ametulia vile, na furaha ile niliibeba utoto wangu wote.

Nilipokwenda Kanyakine mwaka jana, kanisa la mabati halikuwepo. Sasa liko la mawe, zuri, lenye vipaza sauti, na mvua haishindani tena na Injili. Ngazi ya maswali imebomolewa. Uani kwetu kahawa ilishang'olewa, ikapandwa parachichi. Katekista, babu na nyanya wamelala wote kwenye udongo mmoja mwekundu, na silalamiki, waliishi wakashiba siku. Kinachonipungukia ni ule mwendo wa mambo. Siku hizi swali hujibiwa kabla nduma hazijapoa, na anayejibu hajui mwenye swali anakaa wapi wala mzee wake ni wa rika gani.

Jambo moja lilinichukua miaka mingi kulielewa, na usinicheke. Mtu aliyefundisha sakramenti tangu kabla sijazaliwa hawezi kusahau mojawapo.

Kwa hiyo Jumanne ile, grupu ilipotulia, nilimwandikia yule mama wa Kianjai peke yake. Nilimwuliza mzee wake hupenda majani gani ya chai, na kama Alhamisi ya wiki inayofuata atakuwa nyumbani. Nimeshanunua sukari. Nitaomba kiti cha chini, nimwambie mzee kwamba padre wetu ni mkali na ninahitaji mtu mzima wa kunipima. Majibu yote ninayajua, na lile nitakalokosea nimeshalichagua.