Mtihani wa Anyesi

Mwanne Jamaldini alifundisha ukunga katika chuo cha wauguzi mjini Dodoma tangu siku za foleni za sukari kwenye maduka ya kaya, mpaka biashara zikafunguliwa na wagonjwa wakaanza kuambiwa waje hospitali na glovu zao. Wanafunzi wake walijifunzia kwa mwanasesere wa mpira na kizazi cha kitambaa alichokishona mwenyewe. Kila zoezi likiisha aliwaketisha kwenye benchi na kuuliza: umefanya nini vizuri? Ungerudia, ungefanya nini tofauti?

Mwaka 1995 mtihani wa mwisho ulifanyika leba, kwa mzazi wa kweli. Anyesi, binti wa wakulima wa Hombolo, alipangiwa mama aitwaye Yudith, aliyeletwa na mumewe kutoka upande wa Buigiri. Mwanne alisimama pembeni na karatasi ya alama. Msimamizi hakuruhusiwa kusema neno.

Mtoto alitoka akilia. Kondo la nyuma likafuata, zima. Kisha damu ikaanza kumwagika.

Anyesi hakusubiri. Aliita msaada, akakanda kizazi, akaomba sindano ya kukikaza. Mwanne alikwisha kutupa karatasi yake na alikuwa anatundika dripu.

"Sindano zimekwisha," muuguzi wa zamu alisema kutoka mlangoni. "Nimetuma mtu akaulizie maduka ya dawa."

"Na damu?" Mwanne aliuliza.

"Friji ni tupu. Mume wake ndiyo kwanza anatolewa."

Anyesi aliingiza mkono akabana kizazi kama alivyofundishwa, jasho likimdondoka. Yudith alimtazama.

"Sista, nasikia baridi."

Walimfunika kwa kanga zake. Akakata roho mkono wa Anyesi ukiwa bado umebana.

Huko nje mumewe alikuwa anatoka maabara, amebana pamba kwenye kiwiko. "Shikamoo mama," alimwambia Mwanne. "Nimeshatoa. Kama haitoshi, waniongezee kutoa."

Mwanne alimshika mkono, akamweleza. Yule bwana aliendelea kuibana ile pamba.

Alasiri mwalimu na mwanafunzi wake walikaa kwenye benchi. Mwanne alijaribu kuanza na maswali yake, akashindwa.

"Mwalimu, nilikosea wapi?" Anyesi aliuliza.

"Hukukosea."

"Niambie tu. Nikijua nitarekebisha."

"Anyesi, ningekuwa mimi ningefanya hayo hayo."

Binti akalia kwa sauti. Laiti angetajiwa kosa, hata dogo, angekuwa na kitu cha kushika. Mwanne hakuwa nalo, na hakuweza kumtungia.

Alimpa alama zote. Chuo kiliandika mkoani kuomba dawa. Kikajibiwa kwamba ombi limepokelewa.

Anyesi alifaulu akiwa wa kwanza darasani, akaomba apangiwe kliniki ya chanjo, asirudi leba tena. Mkuu wa chuo alimtaka Mwanne amshawishi abadili mawazo, maana wakunga wa aina ile ni wachache. Mwanne alimwita ofisini, wakanywa chai, wakaongea habari za mavuno ya zabibu kwao. Jambo lenyewe hakuligusa. Siku hiyo hiyo akasaini ombi la binti huyo.