Mtoto Ana Joto

Mimi nimefuma sweta tangu nikiwa msichana, na sijawahi kufuma mbovu. Watoto wa shule tatu za kwetu Kinangop, milimani kwenye baridi, wamevaa kazi ya mikono yangu. Kwa hivyo binti yangu aliponiita Doha nikamsaidie kulea mtoto wake wa kwanza, sikuuliza nibebe nini. Nilijaza sanduku sweta saba za mtoto, boshori nne za kufunika kichwa na masikio, soksi za sufu, na shali nzito iliyonichukua miezi miwili. Binti yangu ni nesi. Alipofungua sanduku lile sakafuni, kwenye nyumba yao mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, alicheka mpaka akajishika mshono wa upasuaji tumboni.

"Mama, hapa ni jangwani."

"Jangwa gani hili lenye baridi ya kung'ata?" nikamwuliza, maana nilikuwa nimesimama chini ya kiyoyozi na meno yalikuwa yanagongana.

Hiyo ilikuwa miaka ya elfu mbili na kumi na kidogo, minara ya West Bay bado inaota kila ukigeuka. Mkwe wangu alikuwa dereva. Kutwa nzima anapikwa ndani ya gari, akirudi anataka nyumba iwe friji. Basi nikamvalisha mjukuu wangu sweta ya kwanza siku hiyo hiyo, na binti yangu hakunizuia, kwa sababu hata yeye alikuwa amevaa koti ndani ya nyumba yake. Nikajiambia, nani mjinga sasa?

Wakati huo ulikuwa mwezi wa tatu. Asubuhi kulikuwa na upepo mzuri, unatoka na leso mabegani unajisikia vizuri. Mchana unaivua. Jioni unaitafuta tena. Kila wiki mchana ukawa unaila asubuhi kidogo kidogo, mpaka mwezi wa nne ulipoisha, ukifungua mlango saa tatu ni kama umefungua jiko. Lakini ndani kulibaki vile vile, Kinangop ya mwezi wa saba, bila ukungu. Majira ya kule hayakai angani. Yamegawanywa na mlango wa kioo, na wewe unapita katikati mara kumi kwa siku.

Aliyenifundisha kupita huko ni jirani yetu wa ghorofa ya chini, mwanamke wa Mombasa aliyekuwa mlinzi wa hoteli moja kule West Bay. Kazi yake ilikuwa kusimama mlangoni penyewe. "Bibi, mimi upande mmoja nimeiva, upande mmoja mbichi," aliniambia. Ndani kabisa alivaa fulana nyepesi ya pamba, juu yake shati la kazi, na sweta aliiacha kwenye kiti. Akiitwa ndani anaivaa, akitoka anaivua, na hakuwahi kuugua hata mafua. Aliniangalia mimi na gauni langu la kitambaa kizito, akamwangalia mtoto niliyemfunga kama mzigo wa posta, akatikisa kichwa.

"Hapa nguo si ya kuvaa, bibi. Ni ya kuvua."

Alisema akicheka. Mimi sikucheka. Nilichukua mtoto nikapanda ngazi.

Nitasema sasa kwa nini, ili mtu asinione mkaidi bure. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na mtoto wangu wa kwanza alikuwa na miezi minne, msichana. Nilimbeba mgongoni kwenda sokoni. Jua likawaka siku hiyo, jua zuri sana, akatoka jasho shingoni. Nikamvua sweta, nikaitia kikapuni. Tukirudi, mvua ya mawe ikatupata mahali hapana hata kibanda. Sweta ilikuwa chini ya unga na viazi. Nikasema, badala ya kusimama nifukue, wacha nikimbie, tutafika tu. Tulifika. Siku ya tatu kifua chake kilikuwa kinaingia ndani kila akivuta pumzi. Siku ya tano hakikuingia tena.

Hakuna aliyenilaumu. Mama mkwe wangu, ambaye mtoto alikuwa na jina lake, alinipikia uji akakaa nami. Mume wangu alizika akarudi shambani. Tukanyamaza, na tukanyamaza mpaka watoto wengine wakaja wakakua na hawakujua. Lakini mimi tangu siku hiyo sijawahi kumvua mtoto nje ya nyumba. Wote niliozaa walitembea na boshori mpaka wakawa na ndevu, karibu.

Nilidhani yule mtoto nimemwacha Kinangop. Kumbe hapana. Kiyoyozi cha chumba cha mjukuu wangu kilikuwa na kikohozi. Kilikohoa mara mbili, kikanyamaza, halafu kikavuta pumzi ndefu yenye maji ndani yake. Mkwe wangu alisema ni vumbi limejaa kwenye chujio. Alikifungua akakiosha, kikakohoa tena. Mimi nilikuwa najua kikohozi hicho. Nikibaki peke yangu nyumbani, mchana mweupe, wenyewe wako kazini, nilikuwa nikiweka sufuria chini naenda kumshika mtoto kifuani, na namkuta amelala salama. Na kile kitu ukutani kinakohoa. Basi naongeza sweta ya pili.

Binti yangu alikuwa akirudi anazipunguza. "Mama, mbili ni nyingi." Nasema sawa. Akienda kuoga, narudisha moja.

Siku ya chanjo ilikuwa mwezi wa tano. Binti yangu alikuwa zamu, hakupata ruhusa, na mimi Kiingereza sina, Kiarabu ndio kabisa. Jirani alikuwa na siku yake ya mapumziko, akasema atanisindikiza. Nilimvalisha mtoto kama anayekwenda kwa watu: fulana, nguo ya mikono mirefu, sweta yenye vifungo mgongoni, boshori, soksi, na shali juu ya vyote. Alikuwa na miezi mitatu na nusu. Jirani alipotuona ngazini alisimama.

"Bibi, huyu aenda chanjo ama aenda kupanda Mlima Kenya?"

"Kule kliniki kuna baridi kuliko hapa. Wewe mwenyewe ulisema."

"Nilisema mubebe. Sikusema muvae zote!"

Tukatoka. Teksi haikuja. Ilikuwa inakaribia saa sita, kivuli chenyewe kimeingia chini ya ukuta kimejibana pale. Mtoto alilia, nikamtikisa, akalia zaidi, nikaimba kidogo. Jirani yuko pembezoni mwa barabara anapunga mkono kwa kila gari. Halafu mtoto akanyamaza, na mimi nikafurahi, nikasema amelala.

Jirani akarudi kwenye ukuta kujipangusa uso. Akaingiza mkono chini ya shali, mgongoni kwa mtoto, akautoa upesi.

"Bibi. Mtoto ana joto."

Nikasema, "Asante."

Watu wa kwetu watanielewa. Huko kwetu milimani, mgeni akija kuona mtoto anaingiza mkono hivyo hivyo, mgongoni, na akisema mtoto ana joto, ni sifa. Maana yake umemtunza, hakuna upepo umemfikia. Ni neno ambalo mama anangojea. Mimi niliambiwa neno hilo na wageni wote waliokuja kwangu kwa miezi minne, na baadaye sikuambiwa tena kwa miaka miwili. Basi nilipolisikia barabarani Doha, nilisimama wima. Nilijivuna, kusema kweli.

Jirani akanitazama kama mtu aliyemwona mwingine akicheka matangani.

"Bibi, hamkunifahamu. Nasema ana joto! Mwili wamwaka! Mvueni!"

Nikamwangalia mtoto usoni kwa mara ya kwanza tangu anyamaze. Alikuwa mwekundu kama nyanya, midomo imekauka, macho yamefunguka kidogo lakini hayaangalii mahali. Hakuwa amelala.

"Mvueni, bibi!"

"Simvui," nikasema.

Na siyo kwamba sikuelewa. Nilielewa. Lakini mimi wakati huo nilikuwa nasikia mvua. Jua la Doha liko utosini, lami inanuka, hakuna wingu hata la dawa, na mimi nasikia mawe ya mvua yakipiga udongo, yanakuja kutoka upande wa nyuma. Mikono yangu ilikuwa imeifunga ile shali mbele na haikutaka kuachia. Jirani alijaribu kuivuta. Nilimpiga kikumbo, mwanamke aliyenitendea wema tu.

Hakupigana nami. Alinishika mabega akanisukuma mimi na mzigo wangu mpaka kwenye bakala, yale maduka madogo ya mtaani, akafungua mlango kwa kisigino. Baridi ikatupiga. Nikapiga kelele. Mtoto mwenye jasho, nikasema, mtoto mwenye jasho hapelekwi kwenye baridi, hivyo ndivyo wanavyokufa! Mwenye duka alisimama na mkate mkononi, Mhindi mzee, hajui lugha yangu hata neno, na hakuhitaji. Alizima kiyoyozi. Akaleta kiti, akaleta chupa ya maji akaifungua mwenyewe.

Jirani akapiga magoti mbele yangu. Alipunguza sauti, akanisemesha kama ninavyosemesha mbuzi aliyenaswa.

"Mama yangu. Hana jasho huyu. Hebu mguse. Jasho limekwisha. Mimi sitamgusa. Mvue wewe."

Nikamgusa. Alikuwa mkavu. Mkavu kama jiwe la jikoni. Yule wangu mwingine alikuwa na jasho, huyu hana. Sijui niseme vipi, lakini hapo ndipo nilipowaona ni wawili. Kwa miezi miwili nilikuwa namvalisha mmoja nguo za mwingine.

Shali ilitoka. Boshori ikatoka, nywele zimelala. Soksi. Ile sweta yenye vifungo mgongoni nilishindwa nayo, maana vifungo nilivishona mimi mwenyewe kwa uzi mara tatu visije vikang'oka. Nikaviuma kwa meno. Nikavitema sakafuni kimoja kimoja. Nguo ya mikono mirefu nikaipasua. Akabaki na fulana, halafu hata fulana ikatoka, yuko uchi mapajani mwangu dukani kwa watu, na mimi sina kitu cha kumfunika na sikutakiwa kumfunika. Jirani alilowesha leso yake, nikampaka maji shingoni, kwapani, kwenye nyayo. Hakulia. Tukalowesha tena. Hakulia. Mwenye duka alikuwa anapepea na kipande cha boksi la sabuni, midomo yake inaomba.

Alipolia, alianza kama paka. Kisha akalia vizuri.

Kliniki walimwekea dripu. Binti yangu alikuja na nguo zake za kazi, hakunisalimia. Alisoma karatasi iliyokuwa miguuni pa kitanda, akaisoma tena, akamshika mtoto kichwa. Halafu akanigeukia.

"Mama, nguo ngapi?"

Nikamwambia zote, moja moja. Sikuficha.

"Ungeniulia mtoto."

"Ndiyo."

"Ijumaa utarudi nyumbani. Nitatafuta mtu mwingine."

Nikasema sawa. Nilistahili. Ningekaa hivyo, nimefunga mdomo kama tulivyofunga miaka yote ile, ningepanda ndege na kiburi changu, na hapo ndipo kungeishia. Lakini nilifikiri: siku moja binti yangu naye akiwa nyanya, akaitwa kulea mjukuu, atajuaje yaliyonipata? Nikamwuliza kama amewahi kujiuliza kwa nini ana jina la mama yangu.

Kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba. Wa pili ndiye huchukua jina la upande wa mama. Binti yangu alikuwa mkubwa kwa wote, na jina lake ni la wa pili.

"Si mlisema mlikuwa mmekosana na nyanya, mama yake baba?"

"Nyanya yako hakuwahi kunikosea hata siku moja."

Alikaa chini. Nesi, mtu aliyesoma, amezoea vifo vya watu, alikaa chini kwenye kile kiti cha plastiki akaanza kuhesabu kwa vidole, miaka yake na yangu. Nikamwambia yote, soko, kikapu, unga juu ya sweta. Nilisema kwa Kikuyu, polepole. Sikumwomba kitu.

"Alikuwa na miezi mingapi?"

"Minne."

Akamwangalia wake. Hakulia, hakunishika mkono. Alirekebisha ule mpira wa dripu ingawa ulikuwa sawa.

Ijumaa ilifika. Hakuna aliyetaja ndege. Jumamosi binti yangu alivaa kwenda zamu, akafika mlangoni na mtoto mikononi, akasimama pale kwa muda mrefu sana. Mkwe wangu alikuwa anapiga honi chini. Nilikaa kwenye kochi na mikono juu ya magoti, sikuinyoosha. Nilikuwa nimeamua sitainyoosha. Akaja, akamlaza mapajani pangu, na fulana moja tu, miguu nje. Akaondoka bila kuniagiza lolote.

Saa nne simu ikalia.

"Amevaa nini?"

"Kile ulichomwachia."

Nikasikia watu wa wodini nyuma yake, kitoroli kinapita. Kwenye chumba, kiyoyozi kilivuta pumzi yake ile ndefu.

"Na wewe, mama?"

"Mimi nimevaa shali," nikamwambia, "na sweta yako, na koti la bwanako. Na bado niko na baridi."

"Basi usikate simu," akasema. "Iweke tu hapo karibu. Mimi naendelea na kazi."