Kitambaa Nilichojifunga Kifuani

Siku ninayoikumbuka leo, mwanangu, ilikuwa ya joto la kaskazi, joto lile la Tanga linalokugandisha shati mgongoni kabla hujamaliza chai ya asubuhi. Nami nilikuwa nimevaa fulana, juu ya fulana shati, na juu ya shati koti kuukuu la baba. Chini ya vyote hivyo nilikuwa nimejifunga kitambaa kifuani, nimekizungusha na kukikaza kwa fundo ubavuni. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na minne. Mtu akiniuliza koti la nini, nilimwambia nina homa.

Nakusimulia kwa sababu nimekuona. Siku hizi huendi uwanjani na wenzako, na sweta hilo hulivui hata jua la saa saba. Sikuulizi kitu. Kaa tu unisikilize. Kama nimekosea, basi utakuwa umepoteza mchana mmoja kwa mzee anayependa kusema, na hilo si jambo geni katika nyumba hii.

Tulikaa Nguvumali, enzi za Mwingereza, wakati mkonge ndio uliokuwa ukiulisha mji. Baba alibeba mizigo bandarini. Mama alipika vitumbua vya kuuza, na kwa kuwa hakujaliwa binti, sisi wanawe wa kiume ndio tuliotwanga mchele na kukuna nazi. Mimi nilikuwa mkubwa, kwa hiyo mbuzi ya kukunia ilikuwa yangu. Niliipenda kazi ile. Ilikuwa saa yangu ya kukaa na mama peke yetu, akinisimulia habari za mtaa na mimi nikiiba chicha.

Lilianza titi la kushoto. Nililala kifudifudi usiku mmoja nikahisi maumivu chini ya chuchu. Nilipogusa, nilikuta kitu kigumu kama kokwa la zambarau. Nikadhani ni jipu, nikangoja litumbuke. Halikutumbuka. Baadaye la kulia nalo likafuata, kisha yote mawili yakanyanyuka, si sana, lakini ya kutosha kuonekana chini ya fulana. Mwanangu, niliogopa. Sauti yangu ilikuwa imeanza kukwaruza, ndevu mbili tatu zilikuwa zikichungulia kidevuni, na papo hapo kifua kinakwenda njia nyingine. Nilidhani Mungu amebadili shauri juu yangu. Astaghfirullahi, lakini ndivyo nilivyofikiri, na sikuwa na wa kumwambia.

Aliyeniona wa kwanza alikuwa Rashidi, binamu yangu, tulipokuwa tukioga bombani. Na binamu kwetu ni mtani. Mtani husema atakalo, nawe huna ruhusa ya kukasirika.

"Binamu," akasema, "hayo yatatosha mtoto mmoja, au tungojee mapacha?"

Wenzetu wakacheka, na mimi nikacheka nao, maana ningefanyaje? Toka siku ile jina langu likawa Bi Harusi. Kisha mmoja wao akaleta elimu yake, kwamba mvulana akikalia mbuzi ya nazi kila siku huota kifua cha kike. Upuuzi mtupu, lakini mtu mwenye hofu hachagui la kuamini. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama sikuni tena nazi, hiyo ni kazi ya wanawake. Alfajiri iliyofuata nikamsikia uani, amekaa juu ya mbuzi, anakuna mwenyewe na mgongo wake mbovu ule. Nilijifunika shuka mpaka kichwani.

Ndipo nilipochana kaniki ya zamani ya mama nikajifunga. Mwanzoni nilifurahi, kifua kilikuwa bapa. Lakini jasho lilikaa ndani ya kile kitambaa likanichubua, na fundo likanichimba ubavu. Nililala nacho. Kabla ya kujifunga nilikuwa nikiyaminya kwa vidole kwa nguvu zangu zote, nikidhani yatarudi yalikotoka, na kesho yake yanauma zaidi.

Sasa, mwezi wa Maulidi ulikuwa unakaribia. Chuoni kwetu mwalimu wa Kurani alikuwa amenichagua mimi nisome kasida mbele ya watu, wenzangu wakinipokea kwa dufu. Kasida ile inataka pumzi ndefu. Msomaji anaubeba mstari mzima bila kupumua, ndiyo sifa yake. Katika wavulana wote mimi ndiye niliyeiweza, na nakwambia bila kujivuna, lilikuwa jambo pekee lililomfanya baba atabasamu mbele za watu. Lakini nikiwa nimejifunga vile, pumzi haikufika popote. Mstari ulinikatikia katikati mara ya kwanza, na mara ya pili. Mwalimu akaweka fimbo chini.

"Bakari, pumzi yako imekwenda wapi?" akauliza. "Ikiwa huwezi, sema mapema, nimpe mwingine."

Kulegeza kitambaa nisome, nikaonekana. Au kukikaza nikose kasida. Sikuona njia ya tatu ila moja, ya kukimbilia Mkwaja kwa mjomba, ambako hakuna anijuaye kwa jina la Bi Harusi. Nilikwisha tia nguo zangu kikapuni nikakificha chini ya kitanda. Nilikuwa nangojea tu siku ambayo baba atashinda bandarini.

Kabla siku hiyo haijafika, baba mwenyewe aliniita. "Nenda kwa Mzee Mbaruku akakupime kanzu ya Maulidi," alisema. "Nenda peke yako. Wadogo zako watakwenda siku nyingine." Alisema hayo huku akitazama ukuta. Kila mwaka tulikuwa tukienda kupimwa sote pamoja, lakini sikufikiri kitu. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba baba alikuwa ameona, na kwamba haya ya mzazi kwa mwanawe ilimzuia kusema, akanipeleka kwa mtu anayeweza kusema.

Mzee Mbaruku alikuwa fundi cherehani kule Mabawa. Na alikuwa kungwi wangu, yaani mtu mzima niliyekabidhiwa kwake nilipotahiriwa. Zamani zile wavulana wa mtaa tulitahiriwa pamoja, tukakaa kumbini mpaka tupone, na kungwi ndiye aliyetuosha vidonda, akatulisha, akatufunza. Mambo ya kumbini hayatoki nje. Mimi, Rashidi na wengine wote wa rika letu tulipita mikononi mwa mzee huyo.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Vua koti nikupime."

"Nina homa, Mzee."

Akaniwekea kiganja kwenye paji la uso. "Homa haina habari nawe. Vua."

Nikavua koti, nikasimama nimekunja mabega. Akapitisha utepe wake chini ya kwapa, na mkono wake ukalikuta fundo. Akaenda akashusha pazia la mlangoni, akarudi.

"Nani kakufunga?"

"Mimi mwenyewe."

"Fungua."

Nilifungua nikalia, mwanangu, kilio cha kitoto kabisa, na ile sauti yangu ya kukwaruza. Mzee hakunikataza. Alitazama michubuko, akaenda kuleta maji ya uvuguvugu na chumvi, akaniosha kama alivyoniosha kumbini. Alipomaliza ndipo akasema.

"Bakari, mtaa huu mimi ndiye ninayekata sanda. Nimewafunga wengi kwa nguo namna hii, na wote walikuwa maiti. Hapana hata mmoja aliyenambia imembana. Wewe u hai, unapumua. Unajifungia nini?"

"Nimekuwa mwanamke, Mzee."

Hakucheka. "Hukuwa. Haya hata mimi yalinitoka, nikiwa kama wewe. Na marehemu kaka yangu vilevile. Mimi napima vifua vya wavulana wa mji huu, na kila Maulidi simkosi kijana anayekunja mabega kama unavyokunja wewe. Mwili ukikua huenda kwa pupa, hujaribu hili na lile, halafu hutulia. Wengi huwaondoka yenyewe. Wewe usiyaminye, usiyafunge, wala usikubali kupakwa dawa na kila mwenye kichupa."

"Na yasipoondoka?"

"Yasipoondoka, au yakizidi kukua, au yakitoa maji, tutakwenda hospitali mimi nawe, daktari akutazame. Hapo tena pana aibu gani?"

"Na nazi je, Mzee?"

"Nazi gani?"

Nikamweleza. Hapo ndipo alipocheka, akacheka mpaka akafuta macho kwa pindo la shuka yake. "Sisi kwetu mama alikuwa na mabinti sita," akasema. "Mimi mbuzi ya nazi sikupata kuikalia hata siku moja. Mbona yalinitoka?"

Sijui kama umewahi kuona mzigo mzito ukishuka kwa kicheko, lakini mimi ndivyo ulivyonishuka. Nikapata hata ujasiri wa kumwomba anishonee kanzu pana.

"Nikikushonea gunia, watu watatazama gunia. Nitakushonea kanzu ya mwili wako. Ndani uvae fulana ya pamba isiyokubana, juu kizibao. Na kitambaa hicho utaniachia mimi." Akakitupa kwenye rundo la vipande chini ya cherehani.

Siku iliyofuata alikuja chuoni wakati wa mazoezi, akakaa pembeni na mkongojo wake. Nilipoingia bila koti, Rashidi akasema taratibu, "Bi Harusi kaja." Safu nzima ikachekea puani. Mzee Mbaruku akasikia, akainua mkono kuomba ruhusa kwa mwalimu.

"Wanangu," akasema, "nyote hapa nimewauguza kumbini. Nani aliita mama yake mpaka majogoo, nakumbuka. Nani alikojoa kitandani, nakumbuka. Nani alitoroka akakamatwa chini ya kitanda cha bibi yake, nakumbuka. Sijalisema la mtu, wala sitalisema, maana ni miili yenu na mlinipa kuilinda. Na la Bakari nalilinda vivyo hivyo. Sasa anayetaka kusema la mwenziwe na asimame, aanze na lake."

Hakusimama mtu. Rashidi alikuwa akiikagua ngozi ya dufu lake kama hajawahi kuiona. Hakuniomba radhi, na wala sikumdai. Jioni alininunulia kashata, na baina ya mabinamu hiyo inatosha. Kikapu changu nilikitoa chini ya kitanda, nguo nikazirudisha kambani.

Nataka uelewe jambo hili vizuri: usiku wa Maulidi yalikuwapo bado. Hayakuwa yameondoka, hata kupungua hayakupungua. Nilisimama nayo mbele ya mtaa mzima, nimevaa kanzu ya kiasi changu na kizibao, moyo ukinipiga hadi masikioni. Nikavuta pumzi, ikaingia mpaka chini kabisa, nikaubeba mstari wa kwanza hadi mwisho. Sauti ilikwaruza mahali pamoja na watu wakaitikia tu, "Allah." Ng'ambo ya pazia la wanawake nikasikia kigelegele, nikajua ni cha nani. Alfajiri yake nilimtangulia mama uani. Alipotoka akanikuta juu ya mbuzi, akaniongezea nazi moja tu na kwenda kuwasha moto.

Sasa nikwambie wazi, maana umri wangu hauniruhusu tena kuzunguka. Kifua chako si kosa lako, si laana, wala hakikuondolei uanaume. Kinawatokea wavulana wengi kuliko unavyodhani, ila kila mmoja amejificha, kwa hiyo kila mmoja hujiona yuko peke yake. Usijifunge. Usiyaminye. Usimeze kidonge unachopewa na rafiki. Mwambie mtu mzima mmoja unayemwamini, na ikiwa ni mimi, niko hapa kila siku. Tutakwenda hospitali pamoja, daktari akuangalie akutoe wasiwasi, maana hata kama kitu ni cha kawaida, kuambiwa na anayejua ni nusu ya dawa. Na ukimwona mwenzako amekunja mabega, usiwe Rashidi wa kwanza. Kuwa yule wa kashata.

Yangu yaliondoka, mwanangu, lakini ukiniuliza ni siku gani, siijui. Sikuiona ikipita, nilikuwa nacheza mpira. Siku ninazozikumbuka ni zile nilizojificha, kila moja na joto lake, na hizo hakuna anayeweza kunirudishia.

Mungu akukuze kwa salama. Akupe mwili wenye afya na watu wa kukusitiri bila kukuficha, na pumzi yako aijaalie kuwa ndefu. Amin. Haya, vua sweta hilo, upunge hewa.